Kifuniko cha Kobe

Tarehe 3 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Usishtuke kuona mwandiko usioujua. Ni mimi Kitinda, mtoto wa mwisho wa dada yako. Uliniacha nina wiki sita na, kwa maelezo ya Mama, kichwa kama yai. Sasa nina miaka ishirini na minane, kichwa kimekaa sawa, na kazi yangu ni kushona viti vya magari. Nina karakana ndogo, mkasi mkali na madeni ya maneno kwa wateja, kwa sababu kila kiti nasema "kesho."

Anwani yako nimeiiba. Mama hupata barua yako moja kila mwaka, ile ya mistari miwili, "Sijambo, natumaini hamjambo," naye huificha ndani ya kopo la vifungo, mahali anapodhani sifiki. Mshonaji asifike kwenye kopo la vifungo! Ningekupigia simu, lakini Mama anasema masikio yako uliyaacha jeshini pamoja na zile injini ulizozitengeneza.

Nakuandikia kuhusu Kobe. Lile lori la jeshi mlilonunua wewe na Baba ulipostaafu bado liko uani, palepale lilipoegeshwa wiki uliyoondoka. Kuku wametagia chini yake tangu sijajua kutembea. Sasa Baba ametoa amri: mwisho wa Mei, kama Kobe hajatoka uani kwa miguu yake mwenyewe, atamkata vipande. Unamjua. Ni fundi wa kuchomelea, na hukata kama anavyounga, akishaanza harudi nyuma.

Mimi sitaki akatwe, na nitakwambia kwa nini. Mama anataka kufika kwenye kaburi la Bibi, mama yenu. Barabara ya kule ng'ambo ya kilima imeliwa na mvua, hakuna gari dogo linalopita, na magoti ya Mama hayawezi tena mwendo wa saa tano kwa miguu. Kobe ana magurudumu marefu kuliko mimi. Akipona, tunafika.

Habari ya siku ile naijua kwa jinsi inavyosemwa nyumbani: ulikuwa unampeleka Bibi hospitali, Kobe akazima kilimani kwa sababu hukusafisha chujio la mafuta, Bibi akafariki njiani, Baba akasema asikuone tena. Inasemwa hivyo kwa pumzi moja, kisha mtu anauliza kama chai imebaki. Sikuandikii kwa ajili hiyo. (Uongo. Kidogo nakuandikia kwa ajili hiyo pia.)

Mpaka sasa nimepata betri, matairi manne yanashika upepo, na fundi umeme ameapa kwamba cheche zipo. Kilichobaki ni mafuta, na hapo sielewi kitu. Petroli inaingia huku, moshi unatoka kule, katikati ni giza. Naomba unieleze kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kufungua boneti.

Baba hajui kama nakuandikia. Jibu kupitia sanduku la karakana yangu, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Mpwa wako,
Kitinda


Tarehe 15 Machi

Kitinda,

Marahaba. Kichwa chako kilikuwa kama embe, si yai. Dada yangu ana huruma.

Niko salama. Ninaishi chumba kimoja nyuma ya duka la mikate na ninatengeneza pampu za maji. Kweli sisikii vizuri, kwa hiyo usinipigie kelele kwenye karatasi. Umeweka alama ya mshangao, nimeiona.

Sasa sikiliza. Mfumo wa mafuta ni safari. Ifuate petroli kama unavyomfuata mtu usiyemwamini: hatua kwa hatua, na kila anaposimama usimame.

Safari inaanza kwenye tangi, upande wa kushoto chini ya mlango. Petroli ya zamani iliyomo imegeuka gundi. Imwage yote. Lifungue tangi, tia kokoto na kipande cha mnyororo, liviringishe mpaka mkono uume, kisha lioshe mara tatu. Ukimaliza kila kitu, lijaze mpaka shingoni, maana tangi lililojaa halishiki kutu. Na hili lishike kuliko yote: Baba yako asilisogelee na moto. Atataka kukuzibia tobo. Mwambie hapana. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke unaua kuliko petroli yenyewe. Nimewazika wawili jeshini kwa sababu hiyo.

Kutoka tangini kuna bomba jembamba la shaba. Lipulize kwa mdomo. Usipopata upepo upande wa pili, limeziba.

Halafu chujio. Ni kikombe cha kioo kilichoshikwa na waya. Uchafu na maji vinalala chini yake. Kisafishe kila wiki. Kila wiki, nasema.

Halafu pampu, ubavuni mwa injini. Ndani ina kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka. Kikichanika, petroli haivutwi. Nunua kipya, hakitengenezeki.

Mwisho kabureta. Ndani kuna boya dogo. Petroli ikipanda, boya linapanda na kusukuma sindano, mlango unafungwa. Ikishuka, unafunguka. Kuna vitundu vidogo vya shaba vinavyoitwa jeti. Visafishe kwa unywele wa brashi na upepo, usitumie waya. Waya utavipanua, na Kobe atakunywea petroli mpaka uombe radhi.

Hiyo sentensi inayosemwa nyumbani inatosha. Usiiongezee kitu.

Msalimie Mama yako, ikiwa unaweza bila kusema salamu zimetoka wapi.

Mjomba wako


Tarehe 4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo tena. Nimefanya yote, na nimepata malengelenge mahali ambapo sindano haijawahi kunichoma.

Petroli ya ndani ilikuwa nyeusi na inanuka kama rangi ya viatu iliyosahauliwa. Nimeviringisha tangi uani siku mbili, kokoto zikipiga kelele, mpaka jirani akauliza kama tunasaga chuma. Baba alikuja na miwani yake ya kuchomelea kichwani. Nikamwambia hapana. Akauliza nani amenifundisha kusema hapana namna hiyo. Nikasema nimesoma mahali. Akarudi kwenye lango alilokuwa akiliunga.

Bomba lilikuwa limezibwa na kiota cha nyigu. Kikombe cha kioo hakikuvunjika, na nimekisafisha mpaka naona uso wangu. Kiwambo cha pampu kilikuwa kimekauka kama ngozi ya ngoma kuukuu. Nimepata kipya kwa muuza vipuri mmoja mzee ambaye alifurahi kuulizwa. Kabureta niliifungulia juu ya shuka jeupe kama ninavyofanya na viti vya watu wakubwa, kila kipande kwenye nafasi yake. Na karatasi za kuziba maungio nimezikata kwa mkasi wangu mwenyewe. Hapo, Mjomba, hata wewe ungenivulia kofia.

Kisha jana asubuhi, Kobe akawaka.

Mama alitoka jikoni mikono ina unga, akasimama mlangoni, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Kuku wamehama. Hata Baba alizima mashine yake.

Dakika ishirini, Mjomba. Injini ilinguruma vizuri, kisha ikaanza kukohoa, ikapungua, ikazima. Nikangoja saa nzima, nikawasha, ikaenda kidogo, ikazima tena. Nimefungua chujio, ni safi. Pampu ni mpya. Kabureta nimeirudia. Petroli imejaa mpaka shingoni, kama ulivyosema. Baba alipita nyuma yangu akamwambia Mama, kwa sauti ya chini lakini mimi masikio ninayo, "Linazima vilevile kama siku ile." Mama akaingia ndani.

Sasa nina swali. Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imechanika. Umenieleza tangi, bomba, chujio, pampu, kabureta. Kifuniko cha tangi hukukitaja hata kwa bahati mbaya, kama mtu anayenielekeza nyumba nzima bila kutaja mlango. Umesahau au hakina kazi?

Mpwa wako mwenye malengelenge,
Kitinda


Tarehe 14 Aprili

Kitinda,

Kifuniko kimechoka. Nunua kipya kwa huyo mzee wa vipuri, kinachofanana mdomo. Cha zamani kitupe. Usikisafishe, usikionyeshe kwa fundi, usimsumbue Baba yako nacho. Kitupe shimoni.

Fanya hivyo kabla ya kugusa kitu kingine. Kobe hatazima tena.

Kwa zile karatasi za mkasi, kofia nimeivua.

Mjomba


Tarehe 25 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Sikukitupa. Mshonaji hatupi kitu. Hata uzi wa shibiri moja una siku yake. Tena wewe umenieleza kila kitu na sababu yake, kokoto kwa nini, waya kwa nini usitumike, halafu kwenye kifuniko ukageuka afande: nunua, tupa, funga mdomo. Mtu akiniambia nisitazame, natazama.

Nimekitia kwenye mafuta ya taa usiku kucha na kukisugua. Katikati, kwa juu, pana tone la lehemu, dogo kama punje ya mtama, limesawazishwa vizuri sana. Nilikipeleka kwa mzee wa vipuri. (Najua ulikataza.) Akacheka. Akasema hapo pana tundu la asili, na kazi yake ni kuingiza hewa. Petroli inapotoka tangini, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Tundu likizibwa, pampu inavuta, inavuta, mwisho tangi linaikatalia. Akasema tangi likijaa ndiyo upesi zaidi, maana halina akiba ya hewa.

Nikarudi nyumbani kujaribu. Nimekifunga kifuniko kilekile, nikawasha, nikakaa na saa. Dakika ishirini na mbili, akazima. Nikashuka, nikafungua kifuniko, nikasikia fyuuu, hewa inaingia kwa pupa. Nikawasha, akawaka mara moja.

Nilikaa chini pale kwenye vumbi. Kwa sababu lile tone la lehemu lina mkia, Mjomba. Mwishoni kuna kamkia kadogo kamepinda kushoto. Kamkia hako kako kwenye mpini wa ndoo yetu, kwenye nondo za dirisha langu, kwenye kitanda nilicholalia utotoni. Hakuna fundi mwingine anayemaliza hivyo. Na kuna methali ambayo Baba ameisema nyumbani kwetu mara nyingi kuliko jina langu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ameona tundu kwenye chuma, akaliziba. Ameliziba vizuri.

Kwa hiyo halikuwa chujio. Haikuwa wewe.

Nakuomba jibu moja tu, na usinipe amri. Ulijua?

Kitinda


Tarehe 5 Mei

Mpwa wangu,

Nilijua.

Nimekaa na barua yako siku tatu, na pampu mbili za watu zimelala hapa mezani zimefunguliwa matumbo. Nitakwambia mara moja tu.

Wiki ile tulikuwa tunabangaiza, tangi robo, safari fupi za kupeleka malango ya Baba yako. Kobe hakulalamika. Bibi alipozidiwa na tumbo, nilijaza tangi mpaka juu ili nisisimame njiani. Mama yako alikuwa na wewe, mchanga, akabaki. Baba yako alikuja nami, amemshika Bibi nyuma.

Kobe alizima mguuni mwa kilima. Nikafungua chujio, nikakuta uchafu kidogo. Ni kweli wiki ile sikulisafisha. Nikapiga kelele kwa Baba yako, "Ni chujio!" Nikamwaga, nikafunga, tukaenda, akazima tena. Nikafungua pampu. Nikafungua kabureta palepale barabarani. Kila nilipomaliza kazi muda ulikuwa umepita, hewa kidogo imejipenyeza, anawaka, nadhani amepona, anazima. Karibu saa tatu zilipita hivyo. Mara ya mwisho nilifungua kifuniko nitazame kama petroli ipo. Nikasikia hiyo fyuuu yako. Nilikuwa bado nina masikio kidogo.

Niligeuza kifuniko nikaona kale kamkia. Nikageuka nimwambie Baba yako. Alikuwa anamfunika Bibi uso.

Ningesema pale, angejua kwamba mkono wake ndio uliotusimamisha. Angerudi nyumbani aseme, maana Baba yako hajui kuficha, au angenyamaza na ingemla. Na dada yangu angekaa na mume ambaye kila akimtazama anamwona mama yake amelala nyuma ya lori. Na wewe ulikuwa na wiki sita. Nilikuwa nimempoteza mama, sikutaka dada naye apoteze mume. Nililegeza kifuniko, nikarudisha gari nyumbani, na Baba yako alipopiga kelele uani kwamba nimeua kwa uvivu wa chujio, sikubisha. Nilikuwa nimeshalisema mwenyewe, "Ni chujio." Lilinitosha.

Usidhani nilikuwa mtakatifu. Miaka ya kwanza nilimchukia Baba yako mpaka nikakosa usingizi. Namkumbuka dada yangu kila siku. Kila mwaka nakaa nimwandikie barua ndefu, nikifika mstari wa tatu nashindwa.

Sasa nakuomba, na hii si amri: nyamaza. Baba yako ni mzee. Weka kifuniko kipya, mpeleke Mama yako kaburini, ufunge huo ukurasa.

Mjomba wako


Tarehe 15 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimelia, nimenawa uso, nimerudi kazini. Mteja mmoja amepata kiti chenye mshono uliopinda na hajajua bado.

Nimenyamaza. Sijui kama nimefanya vizuri. Mezani namtazama Mama anavyomtilia Baba mchuzi, namtazama Baba, na nafikiria chumba chako nyuma ya duka la mikate, na ulimi unaniwasha. Lakini umeniomba.

Kifuniko kipya nimekifunga. Kobe amezunguka mtaa mzima saa moja na nusu bila kukohoa. Baba ametoka kumtazama, na sasa amri ya kumkata haitajwi tena. Amechomelea ngazi ya kupandia ili Mama asiumize magoti, na amemsafishia taa zote mbili. Kusema kweli amefurahi kuliko sote.

Shida ni moja. Aliuliza kifuniko cha zamani kiko wapi. "Kile kilikuwa kizima," akasema, "nilikiziba mimi mwenyewe, kilikuwa kinaingiza vumbi." Amesema hivyo hivyo, Mjomba, kwa majivuno, kama mtu anayekumbuka kazi nzuri. Nikasema nimekitupa. Akachukua kipya akakigeuzageuza kwenye mwanga. "Hata hiki kina tundu! Mafundi wa siku hizi!" Nikasema ndivyo vinavyotengenezwa. Akauliza kwa nini. Nilikuwa na jibu mdomoni, sikuweza kulitoa bila kutoa na lile jingine. Nikasema sijui. Akaguna.

Jumapili ijayo tunakwenda kwa Bibi, Mama, Baba na mimi. Nitajaza tangi.

Kitinda


Tarehe 26 Mei

Shemeji,

Mimi ndiye. Mkono wangu umezoea chuma, kalamu inaniteleza, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Kwanza ujue kwamba barua zako nilizijua tangu Machi. Mtoto akasema hapana, nisisogeze moto kwenye tangi, kwa maneno yako hasa. Nikanyamaza. Nilijiambia, acha amfundishe, angalau hilo analijua.

Jumamosi jioni, Kitinda akiwa anashona viti, nilichukua kile kifuniko kipya nikalehemu lile tundu. Nilitaka kumsaidia mtoto kimya kimya. Nilimwona amesumbuka miezi mitatu, nikasema vumbi lisije likamharibia kazi. Kazi ilitoka vizuri. Nilijisifu.

Jumapili tuliondoka mapema. Mama yake alivaa nguo yake nzuri, akakaa katikati yetu. Tulifika kilima, palepale penye jiwe lililopasuka. Kobe akakohoa. Akazima.

Kitinda alishika usukani kwa mikono miwili, rangi imemtoka. Nikadhani anaogopa mahali. Nikasema, "Ngoja nitazame mafuta kwanza," nikashuka, nikafungua kifuniko.

Shemeji, nimefanya kazi na gesi miaka arobaini. Sauti ya chombo kilichonyimwa hewa naijua. Nilisimama. Nikamwambia mtoto awashe. Likawaka saa ileile. Nikamwita, nikamwonyesha kifuniko, nikamuuliza, "Hili tundu lilikuwa la nini?" Akasema, "La kupumulia, Baba." Nikamuuliza, "Na lile la zamani?" Akaanza kulia. Nikaelewa yote pale, pamoja na kwa nini hukubisha siku ile uani, wewe uliyekuwa unabisha hata saa.

Mama yake alikuwa ameketi mbele, hajui. Gari limewaka. Ningeweza kulegeza kifuniko, nikapanda, tukaenda. Wewe ulifanya hivyo kwa ajili yangu. Lakini nikaona nikinyamaza nitakuwa nimeziba tundu la tatu. Nikafungua mlango, nikamwambia nikiwa nimesimama chini: halikuwa chujio, ilikuwa mimi. Sikujua, lakini ilikuwa mimi. Na kaka yako alijua, akabeba.

Nikalegeza kifuniko, tukaendelea. Tukafika kaburini. Mama yake aling'oa magugu kwa mikono yake mpaka akamaliza, hakutaka tumsaidie. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Miaka ishirini na minane?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mistari miwili kwa mwaka."

Toka hapo hakunisemesha siku tatu. Chakula aliniwekea, neno hakuniwekea. Leo asubuhi ameleta karatasi na kalamu, akaviweka mbele yangu mezani, akasema, "Andika wewe. Si mtoto."

Basi naandika. Nilikufukuza mbele ya watu, nikakuita muuaji wa mama yako, na kosa lilikuwa la mkono wangu. Nimelala usingizi mzuri miaka yote hii, na wewe hukulala. Sina cha kukulipa. Nisamehe, Shemeji. Usiponisamehe pia nitaelewa, lakini usimnyime dada yako.

Chumba chako cha uani kipo. Nilikijaza vyuma chakavu. Nimevitoa vyote, nimepiga chokaa. Njoo.

Shemeji yako


Tarehe 6 Juni

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nililia, ya tatu nilicheka kwa kile kifuniko kipya, maana nilikuona kabisa na miwani yako kichwani. Ya nne nilianza kukusanya vyombo vyangu.

Nimesamehe. Sikusamehe leo, nilianza zamani, leo nimemaliza. Na wewe nisamehe kwa kukuacha ukiniona mvivu. Lile chujio kweli sikulisafisha.

Nitafika Jumamosi kwa basi la mchana. Kitinda aje kunipokea na Kobe. Injini sitaisikia, lakini nitaweka mkono kwenye boneti, inatosha.

Mwambie dada yangu kwamba mstari wa tatu upo, ulikuwepo kila mwaka. Nitamwambia mwenyewe, aje anisogelee sikio la kushoto.

Na tafadhali, Shemeji, mpaka nifike, usizibe kitu chochote.

Shemeji yako